Vidole Chini ya Kitambaa cha Serikali

Kwanza mnielewe, maana watu wa siku hizi wana haraka ya kumtilia mtu maneno mdomoni: mimi sina ugomvi na serikali. Serikali ya nchi hii, ambayo silitaji jina lake kwa sababu mnalijua na kwa sababu kulitaja kuna ada, imenilisha miaka kumi na tisa. Nikisema jambo hapa nasema kwa upendo. Asiyeuona upendo huo aende akapime macho.

Naitwa Shomvi. Kazi yangu ilikuwa Mshika Kitambaa, Daraja la Pili, katika Ofisi ya Faragha ya Bei za Nyumba. Wale wa Daraja la Kwanza hushika kitambaa cha hariri, nyumba za mawaziri zinapouzwa. Sisi tulikuwa na cha pamba, tena tunakifua wenyewe kwa sabuni ya kununua wenyewe. Lakini sikulalamika, nawaambieni ukweli.

Kwetu bei ya nyumba ni siri. Mkuu wetu wa Nchi, kabla hajawa Mkuu, alikuwa dalali wa ng'ombe. Na mnadani madalali wa ng'ombe hawapigi kelele. Wawili hushikana mikono chini ya shuka, wakabinyana vidole, huyu anaongeza, huyu anapunguza, mpaka wanaelewana, na waliosimama kando hawaambulii kitu zaidi ya kuangalia pembe. Alipoingia Ikulu akashangaa: "Kumbe nyumba zinauzwa kwa mdomo? Kama mchicha?" Sheria ikapita siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Waziri wa Faragha, Mheshimiwa Kilindo, alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "bei ya nyumba ni nguo ya ndani ya raia! Kila mtu anayo, ila haianikwi barabarani! Serikali hii sikivu itailinda faragha ya kila raia, hata ikibidi kuilinda dhidi ya raia mwenyewe!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Muuzaji na mnunuzi wanakaa, mimi natandaza kitambaa juu ya mikono yao na kugeuza uso ukutani. Kidole kimoja ni milioni kumi. Hakuna kutamka wala kuandikiana. Mauziano yakiisha, afisa anayeitwa Mkono wa Serikali huingia chumbani peke yake na kuiandika bei katika Daftari Kuu.

Kuna waliouliza: je, mwananchi hana haki ya kulijua Daftari? Anayo sana! Imo kwenye katiba. Kila Jumatano Daftari lilitolewa nje, likiwa na kufuli mbili, likawekwa mezani, na wananchi wakapanga foleni kuangalia jalada lake. Jalada la ngozi, zuri ajabu. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kujifunza uwazi wetu, tukawapa soda.

Shida ndogo ilikuwa kwenye kodi. Kama bei haisemwi, utakataje kodi? Wakubwa wakaamua itozwe kwa kuangalia sura ya muuzaji anapotoka mlangoni. Aliyetabasamu alilipa nyingi, aliyenuna alilipa kidogo. Basi watu wakawa wanatoka pale wakigaagaa chini na kulia, "Mama yangu weee, nimekwisha!" Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyeuza ghorofa tatu akibebwa na shemeji zake wanne.

Sasa nifike kwenye Mtaa wa Fundi Saa.

Serikali iliutaka mtaa huo wote, nyumba arobaini na mbili, ijenge Barabara ya Uwazi, yenye njia nane na taa za rangi. Kila mwenye nyumba angelipwa fidia ya haki, na haki, kwa mujibu wa sheria, ni bei iliyolipwa kwa nyumba ya jirani inayofanana na yako. Mnaona ilivyo nzuri? Tatizo ni kwamba bei ya jirani ni siri ya jirani.

Katika mtaa huo aliishi Bi. Mashavu, mjane wa fundi saa mwenyewe. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na jiko uani, na katika jiko hilo alipika mikate ya kumimina ambayo mimi nilikuwa nainunua dirishani kwake kila asubuhi, pengine kwa pesa, pengine kwa ahadi. Aliniita kaka, nami nikamwita dada. Hakuwa na mtoto wa kumkimbilia. Nyumba ile ikiondoka akapewa fidia pungufu, angebaki na masufuria yake barabarani.

Akaja ofisini. Siku hiyo nilikuwa nimekaa dirishani kwa sababu karani wa zamu alikuwa na semina.

"Kaka Shomvi," akaniambia, "nataka kujua jambo moja tu. Nyumba kama yangu inakwenda ngapi?"

"Dada, hilo lina fomu," nikamjibu, nikampa Fomu Namba Tisa.

Akaisoma, akainua uso. "Hapa pameandikwa: taja bei unayoomba kujulishwa."

"Naam."

"Sasa kama naijua, nije kuuliza nini?"

Nikamweleza kwa upole, kama nilivyofundishwa. Ukiandika bei isiyo sahihi, ombi linakataliwa kwa sababu umeidanganya serikali. Ukiandika iliyo sahihi, unakamatwa kwa kujua siri. "Ndiyo maana," nikasema kwa fahari, "dirisha hili halina msongamano."

Alinikata jicho moja ambalo sikulipenda. Kisha akasema, "Haya baba," na anaposema baba badala ya kaka ujue amekasirika. Akaondoka.

Siku ya fidia ikafika. Mkono wa Serikali alikuwa Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye kiganja laini kama maandazi. Aliwekewa meza katikati ya mtaa, chini ya turubai, na wenye nyumba wakaitwa mmoja mmoja. Nikatandaza kitambaa, nikageuka. Macho yangu hayakuona kitu. Ila masikio hayana kitambaa, na nilisikia anavyomwambia kila mtu, kwa sauti ya chini, ya kindugu kabisa:

"Hivi viwili nakupa wewe tu. Wenzako wote nimewapa kimoja. Roho yangu imekupenda. Usimwambie mtu."

Alimwambia hivyo wa kwanza. Akamwambia wa pili. Alimwambia Mzee Lugendo, jirani ya Bi. Mashavu, naye akatoka huku akijibana mbavu asicheke. Akamwambia Bi. Mashavu. Mpaka jioni alikuwa amesema hivyo mara arobaini na mbili, sauti imemkauka, nikamletea maji. Nikawaza moyoni: mtaa wenye bahati huu! Kila mmoja amepata kuliko wote! Hesabu yake haikunikaa vizuri, nakiri, lakini mimi sikuajiriwa kwa hesabu. Niliajiriwa kwa kitambaa.

Jamani, mngeuona mtaa ule wiki iliyofuata. Haijapata kutokea huruma ya namna ile. Kila mtu alijua siri yake ni nono, na kila mtu alimwonea jirani imani. Mzee Lugendo alimpelekea Bi. Mashavu kilo tano za mchele: "Chukua, dada, najua hali." Bi. Mashavu akamrudishia mikate minne: "Na wewe kula, kaka, mambo magumu." Walisalimiana kwa sauti za msibani. Mtu akikohoa, anachangiwa. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu nani anataka kumtia jirani uchungu? Na, tuseme kweli, nani anataka jirani aje kudai sawa na yeye?

Kisha Bi. Mashavu akaenda Bondeni kutafuta nyumba. Akapata ya vyumba viwili na uwanja mdogo ambao ungetosha jiko. Akaingiza mkono chini ya kitambaa na kubinya viwili. Muuzaji akabinya vitano. Akasukuma tena viwili, kwa nguvu. Muuzaji akarudia vitano, na kumwambia kwamba yeye ana kazi za kufanya.

Alirudi kwa miguu. Nilikutana naye njiani, akanisimamisha.

"Kaka Shomvi, mimi sisemi nimepata ngapi."

"Usiseme, dada! Usiseme!"

"Sisemi. Ila nilichopata hakinunui hata nusu ya nyumba. Sasa hawa wenzangu waliopata pungufu yangu watalala wapi? Lugendo yule, na mgongo wake ule? Nitaitisha mkutano. Nitawasemea wao, mimi acha tu."

Mkutano ukafanyika uani kwa Mzee Lugendo. Ofisi ilinituma nihakikishe hakuna anayetaja bei. Nikaketi mbele, kitambaa begani, tayari kumziba mtu mdomo.

Bi. Mashavu akasimama. "Jamani, mimi sina neno. Nashukuru Mungu. Nimekuja kuwasemea wenzangu walioonewa."

Watu wakatikisa vichwa. Mzee Lugendo akainuka, mkono kiunoni. "Na mimi vilevile. Mimi binafsi sijambo. Nawasemea wenzangu."

Akasimama wa tatu, mama mwenye duka la mkaa. "Yangu ni mazuri, nisiwe mwongo. Kilichonileta ni uchungu wa wenzangu."

Wa nne hivyo hivyo. Wa tano. Wa sita akaanza, "Mimi sijambo, ila..." akanyamaza katikati. Kila mtu alikuwa akimwangalia mwenzake, mdomo wazi.

"Hebu," akasema Bi. Mashavu taratibu. "Yule mwenzetu aliyeonewa ni nani? Asimame tumwone."

Hakuna aliyesimama.

"Asimame basi! Si tumekuja kwa ajili yake?"

Mzee Lugendo akakaa chini kama gunia. "Loo! Amekuambia nini yule mtu, sikioni?"

"Alichokuambia wewe," akajibu Bi. Mashavu kwa hasira. "Ametufanya wajinga, Lugendo. Na ujinga tumeununua wenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu alifurahi kupewa kuliko mwenzake. Mimi nilifurahi! Nilikuletea mikate nikifurahi!"

Nawaomba mzingatie kwamba hakuna bei iliyotajwa. Niliandika hivyo katika taarifa yangu: mkutano ulikuwa halali kabisa.

Kesho yake mambo yakaharibika. Mtaa mzima ulikwenda ofisini, Bi. Mashavu akiwa mbele, na wote wameinua vidole viwili juu. Hawakusema kitu. Arobaini na wawili, vidole viwili viwili, wamesimama juani. Waziri alipochungulia dirishani akatoka jasho: faragha ya raia ilikuwa uchi barabarani! Polisi wakaitwa, na kwa kuwa gari lilikuwa dogo, Sajini Mbaruku, mkubwa wa kituo, akamkamata aliyekuwa mbele.

Kesi ya Bi. Mashavu ilikuwa ya kuanika bei hadharani, kifungo miaka saba. Nililetwa mahakamani na kitambaa changu, kwa ajili ya ushahidi nyeti. Ukumbi ulijaa, mtaa wote ulikuwepo, na Bi. Mashavu alisimama kizimbani akiwa amevaa khanga ya kukopa kwa sababu zake zilikuwa zimefungwa tayari kwa kuhama.

"Mshtakiwa alionyesha nini?" akauliza Hakimu.

"Mheshimiwa, siwezi kusema," akajibu mwendesha mashtaka. "Ni siri ya mshtakiwa."

"Nitamhukumu kwa kitu gani?"

"Kwa kile ambacho siwezi kusema, Mheshimiwa."

Hakimu akafikiri, akaifungua sheria. Sheria inasema kosa ni kuonyesha bei halisi. Atakayeonyesha bei isiyokuwepo hana kosa, ni mpuuzi tu. Kwa hiyo ilibidi lifunguliwe Daftari Kuu. Kufuli mbili zikafunguliwa, nikaitwa nitandaze kitambaa juu ya kichwa cha Hakimu na juu ya Daftari, asichungulie mtu. Nikatandaza. Kitambaa, kwa kufuliwa miaka kumi na tisa, kilikuwa kimechakaa mahali. Sikuchungulia mimi, tundu ndilo lilikuwa mbele ya jicho langu.

Hakimu akasoma. Akasoma tena. Akakohoa, akatoka chini ya kitambaa nywele zimesimama.

"Mahakama imeridhika," akasema, "kwamba vidole viwili alivyoonyesha mshtakiwa si bei ya nyumba yake. Hakufichua siri yoyote. Yuko huru."

Vigelegele! Watu wakakumbatiana. Mama wa mkaa akaanza kucheza. Ila Bi. Mashavu hakutoka kizimbani. Alishika ule ubao wa mbele kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, kama si viwili, ni vingapi?"

Vigelegele vikakatika.

"Hiyo ni siri yako, mama."

"Kama ni yangu nipe."

"Siwezi. Sheria inakulinda."

"Nani anilinde na hiyo sheria?" akapaza sauti. "Kesho tingatinga linakuja! Nitalala wapi, Mheshimiwa? Ndani ya siri?"

Hakimu akainuka haraka na kwenda chumbani kwake. Bwana Ngwali alikuwa ameketi mstari wa nyuma, anajipepea na kofia. Bi. Mashavu akageuka, macho yake yakaniangukia mimi, pale mbele, na kitambaa mkononi.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Kiinua mgongo changu kilikuwa kimeshapigiwa hesabu, mke wangu alishachagua bati. Na mwanamke yule alikuwa ananiangalia. Hakuniomba. Angeniomba ningekuwa na la kujibu, nina majibu ya fomu zote. Aliniangalia tu, kama mtu niliyekula mikate yake. Niliona aibu, ndugu zangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, masikio haya haya yaliyomsikia Ngwali kuanzia asubuhi mpaka jioni, nami nikamletea maji.

Mimi sikusema neno. Hilo liandikwe. Kazi ilikuwa imekwisha, nilikuwa naondoka, na mtu anayeondoka huwaaga watu. Nikainua mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimetanuka, nikapunga. Nikapunga kulia, nikapunga kushoto. Nikampungia Bi. Mashavu, polepole, aone vizuri. Ni kosa mtu kuaga?

Mzee Lugendo ndiye aliyeanza kuelewa. Akainua mkono wake, akanipungia. Kisha mama wa mkaa. Kisha ukumbi mzima ukawa mikono tu, na Bwana Ngwali akaacha kujipepea.

Niliachishwa kazi jioni ile kwa kosa la adabu iliyozidi. Serikali, ambayo ni sikivu, ikaunda tume ya kuchunguza vile vidole vitatu vya kila nyumba vilikokwenda, na mwenyekiti wa tume akawa Bwana Ngwali, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu. Tume ikagundua kwamba vilipotea kutokana na joto. Lakini maadamu mtaa mzima haukukubali kuhama, na Mkuu alikuwa ameshawaalika wageni kwenye ufunguzi wa barabara, ikaamriwa walipwe vilivyobaki, kwa huruma, na kimyakimya.

Ngwali akarudi chini ya turubai. Mimi nilikwenda kama mtazamaji, sina kitambaa wala cheo. Mshika Kitambaa mpya, kijana mwenye afya, akakitandaza. Bi. Mashavu akaitwa wa kwanza. Akaketi, akakishika kitambaa kwa ncha, akakivuta chote na kukikunja vizuri mara nne, kama mtu anayekunja foronya, akakiweka mezani.

"Nihesabie juani," akasema.

"Mama, ni kinyume cha sheria."

"Hesabu."

Ngwali akahesabu. Alipomaliza, Bi. Mashavu akasimama akawageukia watu. Maneno aliyoyasema hayakuwa yamewahi kutamkwa mbele za watu katika nchi yetu tangu Mkuu aingie Ikulu.

"Mimi Mashavu binti Kheri," akasema kwa sauti, "nimeuza nyumba yangu ya vyumba vinne, na jiko la uani, Mtaa wa Fundi Saa, kwa shilingi milioni hamsini."

Kwa mazoea nikaziba masikio. Nikayazibua. Mzee Lugendo alikuwa anasema yake: hamsini. Mama wa mkaa, hamsini. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Sajini Mbaruku akafika na askari wawili. Kukamata watu arobaini na wawili kunataka maelezo arobaini na mawili, na kila maelezo lazima yataje kosa. Akaketi kwenye benchi, akatoa daftari la polisi na kalamu. Akaandika jina, akaandika nyumba, akaandika bei. Jina, nyumba, bei. Alipofika karatasi ya tatu watu wa mitaa mingine walikuwa wamejaa nyuma ya bega lake wakisoma, na hakuwafukuza.

Mwisho akamwita Bi. Mashavu asaini. Akakaribia, sajini akainamisha kichwa na kushusha sauti.

"Mama, mimi nakaa Bondeni. Ile nyumba ya vyumba viwili uliyokuja kuitazama, umechukua?"

"Nimechukua. Jana nimetanguliza amana."

"Kwa ngapi?"

"Hamsini. Ya jirani yake, vyumba vitatu, wanataka arobaini na tano. Nimeuliza kwa mdomo, amana ikiwa imeshatoka."

Kalamu ya Sajini Mbaruku ikasimama.

"Yangu nayo ni ya vyumba vitatu," akasema, "mimi nimelipa sabini. Mkopo. Mpaka nizeeke."

Bi. Mashavu akaketi kando yake kwenye benchi.

"Ulimlipa nani?"

Sajini akatupa jicho kwenye turubai. Akageuza karatasi mpya, akaandika juu kabisa jina lake mwenyewe, kisha nyumba, kisha bei, kwa herufi kubwa. Halafu akainuka, akaivuta suruali juu, akaanza kutembea kuelekea chini ya turubai alikokuwa Bwana Ngwali.